Kipande cha Katikati

Tulimzika Mwalimu Nyalusi Mafinga, asubuhi yenye ukungu, harufu ya mbao mbichi ikitufuata kutoka viwandani hadi makaburini. Wasemaji walikuwa wengi na wote walisema jambo lile lile kwa maneno tofauti kidogo: marehemu alitufundisha kupenda vitabu. Wa kwanza alilisema, wa pili akalirudia, na mama mmoja aliyevaa suti nyeusi akalisema huku akilia. Shirin alikuwa amekaa kando yangu, ushungi umemfunika hadi kwenye nyusi. Tulisoma naye darasa moja, na sasa ana duka la vitambaa Iringa mjini, alilorithi kwa baba yake. Hatukuwa tumeonana kwa muda mrefu. Alikuwa amenisalimia getini kwa jina la utani la shuleni ambalo siku hizi hakuna mwingine anayeniita, "Kamwene, Mama Joni," nami nikacheka mahali pasipofaa kuchekea. Sasa akaniinamia sikioni. "Muulize ni kitabu gani," akanong'ona. "Muulize kitabu kimoja tu ambacho huyu mzee alikisoma." Baadaye mshereheshaji aliita jina langu, akaeleza kwamba nilikuwa mwanafunzi wa marehemu na kwamba na mimi nimefundisha fasihi Mbeya maisha yangu yote ya kazi, hivyo nisimame niseme machache. Nilitikisa kichwa nikabaki nimekaa. Watu walidhani ni uchungu, wakanionea huruma. Haukuwa uchungu. Ilikuwa dharau, na dharau si kitu cha kusimama nacho mbele ya jeneza la mtu, kwa hiyo niliiweka mapajani pamoja na mkoba wangu.

Hapa nitasimama, na nitaeleza taratibu, maana kuna wasomaji ambao hawajawahi kupewa kazi ya likizo ya namna ile, na wengine wanapewa hadi leo bila kuambiwa ni ya nini. Tulikuwa tunamaliza kidato cha tano katika shule moja ya wasichana Iringa. Likizo ya Juni ilikuwa inaanza, na tukirudi tungeingia kidato cha sita. Mwalimu Nyalusi alikuwa akitufundisha Kiswahili. Alitaka tusome riwaya wakati wa likizo na tuandike maoni kwenye pambizo, yaani ile nafasi nyeupe pembeni mwa maandishi. Jambo hilo ni zuri, na ningelipenda mwalimu yeyote anayelitaka. Lakini nakala zilikuwa chache na sisi tulikuwa wengi. Mwalimu mwingine angetupanga makundi ya kusomeana kabla ya kufunga shule, au angetuachia tuzungushane kitabu mabwenini. Mwalimu Nyalusi alikuja darasani na wembe. Alikilaza kitabu kifudifudi juu ya meza, akakikunja mgongo mpaka gundi ikaachia, akapitisha wembe, akakigawa vipande. Msichana mmoja kipande kimoja. Tulipokodoa macho alitabasamu. "Riwaya ni kama ng'ombe," alisema. "Ukitaka darasa zima lile, unamchinja." Kisha akaandika ubaoni orodha ya dhamira zilizomo kitabuni, ambazo yeye alizitoa kwenye mwongozo, kile kijitabu cha majibu kinachouzwa kwa ajili ya mitihani. Ukombozi wa mwanamke, umaskini, tamaa, uvumilivu katika ndoa, na nyinginezo. Kila dhamira ilikuwa na herufi yake. Kazi yetu ilikuwa kwenda nyumbani, kusoma kipande, na kuweka herufi kwenye pambizo pale tunapoikuta dhamira. "Ukurasa mtupu ni kichwa kitupu," alituaga.

Mimi nilipata kipande cha katikati. Hakikuwa na jalada wala jina, hakikuwa na mwanzo, na kilianza katikati ya sentensi: "na kuushika mpini wa cherehani kama anayemshika mtu mkono." Sikujua ni nani aliyeshika wala kwa nini. Nilifunga kipande kile kwa uzi ili kurasa zisitawanyike, nikakiweka katikati ya sketi zangu, nikapanda basi la kurudi Mbeya.

Nilikuwa nakaa kwa Shangazi Atupele, Iyunga, karibu na barabara kuu. Malori yalipopita usiku na mchana vikombe vililia kabatini. Juni ya Mbeya ni baridi ya kuingia mifupani, na nyumba nzima ilihamia jikoni, kibanda cha matofali nyuma ya nyumba chenye jiko la mkaa katikati na magunia ukutani. Nikifumba macho leo naweza kukuonyesha kila kitu kilipokuwa: sufuria ya maharage juu ya jiko, ndizi za kupika zikisubiri kwenye beseni, parachichi zilizofunikwa kwa kanga kuukuu ziive haraka, na kigoda changu karibu na mlango kwa sababu ya mwanga. Jirani yetu Mama Joni, aliyekuwa akikaanga maandazi ya kuuza, alikuja kila alipomaliza kuuza, akakaa na vidole vyake bado vina unga. Na alikuwapo Mama Sifa. Huyo alikuwa binamu wa Shangazi, ameolewa Ubaruku kwenye mashamba ya mpunga, na mwezi ule wa Juni alikuwa ameshuka barabarani na mtoto mgongoni na nusu gunia la mchele kichwani. Nguo hakuja nazo. Hakusema kwa nini amekuja, na Shangazi hakumuuliza mbele yangu. Niliyasikia nikiwa chumbani, sauti zikipenya kwenye dari lisilofika ukutani: kwamba alikuwa amepigwa, kwamba si mara ya kwanza, na kwamba ndugu wa mume wametuma ujumbe watakuja kumchukua mavuno yakishauzwa. "Nao wakija?" Shangazi aliuliza. "Sijui," alisema Mama Sifa. "Mchele wao nimeuleta. Labda watautaka."

Nilianza kusoma kimoyomoyo, kama tulivyofundishwa. Mama Joni hakuweza kuvumilia mtu anayetabasamu peke yake. "Soma kwa sauti basi," alisema, "au unatusengenya humo?" Nikasoma. Nilipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza kila mtu alikuwa na swali, na mimi sikuwa na jibu hata moja, kwa sababu majibu yote yalikuwa kwenye kipande cha kwanza, na hicho kilikuwa Njombe, au Songea, au mahali pengine kwenye sanduku la msichana mwingine. Basi tukaanza kuubuni mwanzo wenyewe. Mwanamke wa kwenye kitabu aliitwa Tumaini. Alikuwa ameondoka kwa mumewe, karani mmoja mwenye mkono mwepesi wa kupiga, na alikuwa amebeba cherehani. Shangazi alisema cherehani lazima alinunuliwa na mama yake, maana mwanamke habebi kitu kizito namna ile kama si cha kwao. Mama Joni alisema hapana, ni la mumewe, kamwibia, na kafanya vizuri. Walibishana hadi maharage yakashika chini. Mama Sifa alisema neno moja tu siku hiyo. "Si zito ukiwa unaondoka," alisema.

Nilikuwa na penseli mkononi, imechongwa kwa ajili ya herufi za Mwalimu Nyalusi, na nikajikuta naandika maneno ya wanawake. Pembeni mwa cherehani niliandika, "Mama Sifa: si zito ukiwa unaondoka." Penye karani niliandika, "Shangazi: wanaume wa namna hii huwa wanasalimia vizuri sana barabarani." Kila jioni niliongeza. Herufi niliziweka pia, nilikuwa msichana mtiifu, lakini zilikaa pale kama wageni wasiojua pa kukaa. Sasa nakuambia wewe unayesoma haya ukiwa na penseli na hofu: kuandika pembeni mwa kitabu si kazi ngumu, na usimruhusu mtu akufanye uione ngumu. Unasoma. Ukishtuka, weka alama, kisha andika kilichokushtua. Ukimchukia mtu, andika kwamba unamchukia, na baada ya kurasa kadhaa urudi uone kama bado unamchukia. Ukiwa na swali, liandike hata kama ni la kijinga. Ni mazungumzo na mtu ambaye hayupo, basi. Nimewafundisha hivyo watoto wa watu miaka yote na sijaona aliyeshindwa. Niliowaona wakishindwa ni walimu, na hao hawakushindwa kwa kukosa akili. Walishindwa kwa sababu mazungumzo hayasahihishiki haraka, na herufi zinasahihishika ukiwa unakunywa chai.

Kipande changu kiliisha vibaya. Karani anamtafuta Tumaini, anampata kwenye chumba alichopanga, anasimama nje na ndugu zake wawili. Majirani wanatoka kuangalia. Nilisoma polepole kwa sababu niliona kurasa zinakwisha. Sentensi ya mwisho ilikuwa hivi: "Tumaini akafungua mlango, akaweka cherehani chini, akamtazama mumewe, akasema". Hapo wembe ulikuwa umepita. Nilitafuta ukurasa unaofuata, haukuwapo.

"Akasema nini?" aliuliza Mama Joni.

"Kimeishia hapo."

"Huyo mwalimu wenu," alisema Mama Joni, "mama yake hajambo?"

Shangazi alicheka hadi akafuta macho kwa kanga, kisha akasema Tumaini atakubali kurudi, vitabu vya shule huwa vinawarudisha. Mama Joni akasema atamtukana karani pamoja na ukoo wake wote, na akatupa mfano wa tusi lenyewe. Niliandika yote mawili chini ya "akasema", isipokuwa tusi. Mama Sifa alikuwa anampepea mtoto kuondoa moshi. Alingoja wale wengine wageukie sufuria, ndipo akasema na mimi kwa sauti ya chini, kama anayeagiza kitu dukani. "Ukirudi huko shule, ukijua alichosema, niambie. Wale watakuja Desemba." Nilimwahidi. Nilikuwa na umri wa kuahidi bila kufikiri, lakini ile niliifikiri.

Tulirudi Iringa, na Mwalimu Nyalusi akapita dawati kwa dawati na kalamu nyekundu. Nataka ujue alivyokagua, maana ndipo nilipoanza kumdharau na sijaacha. Hakusoma maandishi ya kitabu hata mara moja. Macho yake yalishuka kwenye pambizo tu, kama mtu anayekagua pindo la gauni bila kuangalia gauni. Palipo na herufi aliweka tiki. Alipofika kwangu kalamu ilisimama.

"Mama Joni ni nani?"

"Jirani yetu, Mwalimu. Iyunga."

"Ni mhakiki?"

"Anauza maandazi, Mwalimu."

Darasa liliangua kicheko, na yeye akakiacha kicheko kiende mbali kabla ya kuinua mkono. "Basi maandazi yabaki Iyunga," alisema. "Futa yote. Hapa hatutaki maoni ya jikoni, tunataka uchambuzi." Nilifuta mbele yake. Niliwafuta Shangazi, Mama Joni na Mama Sifa, mabaki ya ufutio yakijaa mapajani, na penseli ikaacha makovu kwenye karatasi, yanayosomeka ukiiinamisha kwenye mwanga. Jina la Mama Joni likanikaa hadi tunamaliza shule.

Kisha akafungua mwongozo, akaanza kutusomea muhtasari tuandike. Mwishoni, alisema, Tumaini anarudi kwa mumewe na ndoa yao inakuwa imara, na huo ndio uvumilivu katika ndoa. Kalamu zote zilikwaruza. Niliinua mkono, nikauliza Tumaini alimwambia nini mumewe pale mlangoni.

"Nani?"

"Tumaini, Mwalimu. Kipande changu kinaishia 'akasema'."

Alitazama mwongozo. Akageuza ukurasa mmoja mbele, mmoja nyuma. Nilimwona akitafuta, na nilimwona alipoacha kutafuta. "Alimwomba msamaha," alisema. "Andika."

Kipande cha mwisho kilikuwa kwa Shirin. Jioni ile nilimfuata bwenini, akiwa amekaa kitandani anachambua karanga alizotumiwa na mama yake. Kwao walikaa mjini pale pale, lakini alilala bweni kama sisi wote, na sanduku lake ndilo lililokuwa na chakula, kwa hiyo alizoea kufuatwa. "Karanga ziko hapo," alisema bila kuniangalia. Nilimwambia sitaki karanga. Alinipa kipande chake. Pambizo zake zilikuwa safi, mwandiko wa kupendeza, tiki nyekundu kila ukurasa. Nilisoma neno la kwanza, na la pili, na nikaendelea hadi mwisho nikiwa nimesimama. Tumaini harudi. Hamwombi mtu msamaha. Ukurasa wa mwisho kabisa anashona nguo ya mtoto wa jirani, mlango uko wazi, na karani ameshapotea barabarani. Na pembeni mwa ukurasa ule ule, kwa mwandiko mzuri wa Shirin, palikuwa na herufi na, kwa kirefu, dhamira yake: uvumilivu katika ndoa. Na tiki.

"Shirin, mbona umeandika hivi? Hapa harudi."

"Najua harudi. Nimesoma."

"Sasa?"

"Ubaoni iliandikwa uvumilivu. Kurasa zote nilitafuta pa kuuweka sikupata, nikauweka mwisho." Akapasua karanga. "Mtihani haukiulizi kitabu, Tusa. Unamuuliza Nyalusi."

Sikumlaumu, na simlaumu hadi sasa. Alikuwa ameelewa shule kuliko mimi. Lakini kipindi kilichofuata nilisimama na kipande chake, nikamwomba Mwalimu ruhusa ya kusoma aya moja, nikaisoma. Mwalimu Nyalusi alinyoosha mkono, akachukua ukurasa, na kwa mara ya kwanza nilimwona akisoma riwaya ile. Alisoma midomo ikicheza. Nilidhani, na hii ndiyo sehemu inayonichekesha nikiwa peke yangu, nilidhani atafurahi. Mwalimu yeyote akionyeshwa kitu kitabuni ambacho hakukijua anafurahi, ndivyo nilivyodhani. Alinirudishia ukurasa kwa ncha za vidole. "Hilo ni toleo la zamani," alisema. "Mwongozo ni mpya. Kaa chini, Mama Joni." Na tukaendelea na muhtasari. Kwa wanaotaka kujua, kwenye mtihani wa taifa swali la riwaya ile halikutoka.

Siku ya kufunga shule Desemba vipande vilikusanywa kwenye boksi, vingi vikiwa vimechanganyika, hakuna aliyevishona tena kuwa kitabu. Shirin, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari za Mama Sifa, alitoa chake chini ya godoro, akanisukumia. "Mpelekee huyo ndugu yako wa Mbeya," alisema. Nikamwambia Mwalimu atakitafuta. "Hatakikosa," alisema Shirin. "Hakuwahi kukiona kilipokuwepo."

Nilifika Iyunga mvua ikinyesha. Jikoni kulikuwa na watu wale wale, na nusu gunia la mchele lilikuwa bado limeegemea ukuta, limefungwa. Shangazi alikuwa akinunua mchele dukani miezi yote ile, kwa sababu Mama Sifa alikuwa amekataa lifunguliwe. Nilitaka kusoma kwa mbwembwe, lakini Mama Sifa alifuta mikono, akanyoosha mkono, akakichukua kipande mwenyewe, akasoma akiwa amesimama karibu na mlango. Mama Joni alimtazama usoni kama mtu anayesoma kitabu kupitia mtu. "Akasema nini?" aliuliza mwishowe. Mama Sifa aligeuza ukurasa. Alisoma hadi ukurasa wa mwisho, akakaa nao, kisha akaniuliza, "Nani kaandika hapa pembeni uvumilivu?"

"Rafiki yangu. Aliambiwa auweke."

"Mwambie hakukosea mwandiko. Kakosea ukurasa." Akanirudishia kipande na kwenda kufungua gunia.

Sisemi kitabu ndicho kilichomwamulia. Watu wanaosema vitabu vinabadilisha maisha mara nyingi ni wale wale wanaovipasua, na nimewasikia Mafinga wakisema hivyo kwenye kipaza sauti. Nadhani alikuwa ameshaamua siku aliyopanda basi na mchele, na alichokosa ni namna ya kulisema bila kupiga kelele. Walikuja wiki ya Krismasi, shemeji yake na baba mdogo wa mume, wamevaa makoti, wakakaa sebuleni. Mama Sifa alipika wali wa gunia lile na kuku, akaandaa meza mwenyewe. Mimi na Shangazi tulibaki jikoni mlango ukiwa wazi kidogo. Tulimsikia yule baba mdogo akizungumza kirefu, sauti nzuri ya mtu aliyezoea vikao, kuhusu mtoto, kuhusu jina la familia, na akamalizia kwamba ndoa, mwanangu, ni uvumilivu. Shangazi alinigusa kwa kiwiko. "Kumbe na huyu anaandika pembeni," alinong'ona.

Sebuleni kijiko kiligonga bakuli. Kisha Mama Sifa akasema, kwa upole uleule na karibu kwa maneno yaleyale ambayo Tumaini alimwambia karani mlangoni, maneno ambayo wembe ulikuwa umeyakata na ambayo Mwalimu Nyalusi alikufa bila kuyataka:

"Karibuni chakula, baba. Kuleni mshibe, halafu mwende."